Nyufa za nywele kwenye akriliki siku kadhaa baada ya kukata na kukunja: chanzo ni nini hasa?

#1 KifunikoAngavu
Habari za humu, wakuu. Nimetengeneza kifuniko cha kukinga vumbi kwa bamba la akriliki angavu (plastiki ngumu inayofanana na kioo) lenye unene wa milimita 5. Nilikata kwa msumeno wa jigso, nikatoboa matundu manne ya skrubu kwa drili ya kawaida, nikakunja upande mmoja kwa bunduki ya joto, na kipande cha ubavuni nikakiunga kwa gundi ya majimaji, ile nyepesi inayopenya yenyewe kwenye kiungo. Mwishoni nilifuta alama za vidole kwa dawa ya kusafishia vioo. Kazi ilipendeza kwa siku chache, kisha zikaanza kujitokeza nyufa za nywele, yaani nyembamba kama unywele: nyingi zimezunguka matundu mawili kati ya yale manne, nyingine zimejipanga kwenye ukingo uliokatwa, karibu na kiungo, na chache zipo pale nilipokunja. Hakuna aliyekiangusha wala kukigonga. Naomba kuelimishwa: tatizo liko kwenye kukata, kutoboa, kukunja, kuunga au kusafisha? Nimebakiwa na kipande cha bamba lilelile na nataka kutengeneza kingine.

#2 MzeeWaTupa
Dawa ya vioo, ndugu yangu, usitafute mbali. Nyingi huwa na amonia au spiriti, na akriliki haipatani na vimiminika hivyo. Bamba ambalo halijaguswa na fundi linaweza kuvumilia, lakini bamba lililokatwa na kutobolewa lina mkazo uliojificha ndani yake, yaani nguvu zinazolivuta kwa ndani, na kimiminika cha namna hiyo kikifika mahali palipovutwa, hupenya katikati ya minyororo ya molekuli na kuiachanisha. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa laini, basi.

#3 BintiRanda
Nakubaliana na mzee wa #2 nusu tu. Dawa ya vioo haikuuumba mkazo; imeufichua. Tujiulize mkazo wenyewe ulitoka wapi, na mimi naushuku msumeno. Jigso ikienda kasi, meno husugua badala ya kukata, chembe huyeyuka na kugandia kwenye mfereji, na wakati mwingine mfereji hujifunga tena nyuma ya ubapa kana kwamba hakuna aliyepita. Ukingo wa namna hiyo umepata joto kali ghafla huku sehemu ya ndani ya bamba ikiwa bado baridi. Unapopoa unataka kusinyaa, bamba zima linauzuia, na matokeo yake unabaki umevutwa kwa muda wote utakaoishi. Tueleze, KifunikoAngavu: chembe zilikuwa za aina gani, vipande vikavu au nyuzi laini zinazonata? Na ubapa ulikuwa na meno ya namna gani?

#4 KifunikoAngavu
Shukrani kwa wote. Mwanzoni zilitoka chembe kavu, lakini katika mkato mrefu zilianza kulainika na kunata. Ubapa ni wa kukatia chuma, wenye meno madogo sana, kwa sababu nilielezwa kwamba meno madogo huzuia ukingo kumeguka.

#5 MsumenoPolepole
Uliyeelezwa hukudanganywa, ila ulipewa nusu ya habari. Meno makubwa hupiga bamba na kulimegua. Meno madogo kupita kiasi hayana nafasi ya kubeba chembe, kwa hiyo chembe hubaki humo ndani, husuguliwa upya na kuyeyuka. Kanuni ninayoitumia ni kwamba wakati wowote angalau meno mawili yawe ndani ya unene wa bamba, maana yake kwa milimita 5 nafasi kati ya jino na jino isizidi milimita 2.5, na haina haja ya kuwa ndogo mno kuliko hapo. Kama jigso yako ina swichi ya kuusukuma ubapa mbele na nyuma, izime, ubaki na mwendo wa kupanda na kushuka peke yake. Karatasi ya kukinga uso isibanduliwe kabla kazi haijaisha. Bamba libanwe karibu kabisa na mstari, kwa kuwa mtetemo humegua kuliko meno yenyewe, na ukiweza liweke juu ya ubao mwembamba ambao utaukata pamoja nalo.

Mwenye msumeno wa diski ana raha zaidi kwa mikato iliyonyooka, mradi diski iwe na ncha za kabaidi (madini magumu kuliko chuma cha kawaida) na meno mengi, tuseme 60 hadi 80 kwa diski yenye kipenyo cha milimita 250. Diski ya kupasulia mbao kwa haraka, yenye meno machache yaliyoinamia mbele, hulidaka bamba na kulirusha. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hata kwa mkato mmoja tu.

#6 KeekeeButu
Wakuu, mnajadili ukingo, ilhali mleta uzi amesema wazi kwamba nyufa nyingi zimezunguka matundu. Keekee ya kawaida ya chuma ina ncha yenye pembe ya nyuzi 118 na makali yanayochimba. Kwenye chuma hilo ni jambo jema. Kwenye akriliki makali hayo hujivuta ndani, na pale ncha inapotokea upande wa pili, keekee hunyakua bamba na kuacha mipasuko midogo ambayo siku hiyo huioni kwa macho. Keekee ya plastiki huwa na ncha iliyochongoka zaidi, kati ya nyuzi 60 na 90, na makali yake hupunguzwa ukali kwa jiwe la kunolea ili yakwaruze badala ya kuchimba. Weka ubao chini ya bamba, punguza msukumo unapokaribia kutokea, na kwa tundu refu itoe keekee mara kwa mara ili chembe zitoke na joto lipungue.

#7 MzeeWaTupa
Bwana #6, kwa jina ulilojichagulia sikutarajia ungemshuku mwingine yeyote zaidi ya keekee. Lakini matundu yote manne yalitobolewa na keekee moja, mkono mmoja, siku moja. Mbona mawili yamesalimika? KifunikoAngavu, hayo mawili yaliyopasuka yana tofauti gani na wenzake?

#8 KifunikoAngavu
Mzee, mawili yaliyopasuka ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukingo uliokatwa, na pia ndiyo yaliyo karibu na kiungo cha gundi. Mengine mawili yapo upande uliokunjwa. Skrubu zote nilizikaza mpaka zikakataa kuzunguka, na matundu ni ya kipenyo sawasawa na cha skrubu.

#9 KiasiChaJoto
Hapo kwenye «mpaka zikakataa kuzunguka» ndipo penye jibu, ninavyoona. Akriliki hutanuka kwa joto kuliko kioo na chuma kwa mbali: bamba la mita 1 hurefuka takriban milimita 0.7 kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Likibanwa kwa skrubu zisizoacha nafasi, haliwezi kuteleza, kwa hiyo linajisukuma na kujivuta kwenye matundu kila mchana na kila usiku. Tundu linapaswa kuwa pana kuliko skrubu kwa milimita moja au mbili, chini ya kichwa iwekwe washa laini (kile kipete cha skrubu), na skrubu ikazwe mpaka iguse, kisha irudishwe kidogo. Skrubu yenye kichwa cha koni, ile inayozama, ni mbaya zaidi, kwa sababu kila unapoikaza inalipanua tundu kwa nguvu ya kabari.

#10 KeekeeButu
Mkuu #9, hesabu yako ni sahihi, lakini ipime kwa kazi iliyopo. Kifuniko cha vumbi kina urefu gani? Kama ni sentimita 30, badiliko la nyuzi 10 ni milimita 0.2 tu. Kukaza kupita kiasi ninakukubalia, kutanuka sina hakika kama kunatosha.

#11 KiasiChaJoto
Milimita 0.2 katika tundu lisilo na nafasi yoyote si «tu». Plastiki hii ni ngumu na haivutiki. Haina pa kuipeleka hiyo milimita 0.2.

#12 MkemiaWaStoo
Naona watu wanaizunguka gundi bila kuitaja. Gundi nyepesi inayopenya yenyewe kwenye kiungo si gundi kwa maana ya kunata. Ni kiyeyushi kinacholainisha nyuso mbili ili zishikane kuwa moja, na mara nyingi ndani yake mna diklorometani. Kama dawa ya vioo inaweza kufichua mkazo, kiyeyushi chenye nguvu mara nyingi zaidi kitashindwaje? Mleta uzi ameeleza kwamba nyufa za ukingoni zipo karibu na kiungo, wala hakusema zimetapakaa kwenye ukingo wote. Hata mvuke wake ukijikusanya ndani ya kisanduku kilichofungwa kabla hakijakauka huweza kuzianzisha nyufa mahali ambapo tone halikufika. Unganisha katika nafasi inayopitisha hewa, acha kisanduku wazi mpaka harufu iishe, ndipo ufunge.

Kwa usalama wa wote: diklorometani huchemka kwa nyuzi 40 hivi, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, na madhara yake kiafya ni makubwa kiasi kwamba Marekani ilipitisha kanuni mwaka 2024 ya kuizuia katika matumizi ya nyumbani. Usiifungue ndani ya chumba kilichofungwa, na usidhani barakoa ya vumbi itakusaidia. Gundi ya haraka, ile ya matone, usiilete kwenye kazi hii, kwa sababu huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo.

#13 LezaTu
Mnateseka bure. Mpe mwenye mashine ya leza mchoro wako, atakukatia ukingo na matundu pamoja, na ukingo utatoka uking'aa bila hata kuguswa na msasa.

#14 BintiRanda
Unang'aa kwa sababu umeyeyuka, ndugu LezaTu, nasi tumekuwa tukilalamikia ukingo ulioyeyuka tangu #3. Ukingo wa leza ni miongoni mwa kingo zenye mkazo mkubwa kabisa. Chukua kipande chako kilichokatwa kwa leza, ukifute kwa spiriti, kisha utuletee picha. Jambo hilohilo linawahusu wanaong'arisha ukingo kwa ndimi za moto: unapendeza, lakini usiupelekee gundi ya kiyeyushi baada ya hapo.

#15 LezaTu
Nitakuletea, dada. Ila nisisitize kwa wanaotaka kununua mashine ndogo za leza ya bluu kwa ajili ya akriliki angavu: mwanga huo hupita ndani ya bamba kama upitavyo kwenye dirisha, haukati. Leza ya kaboni dioksidi, yenye mawimbi ya maikromita 10.6, ndiyo inayomezwa na akriliki. Na msiweke PVC, ile plastiki ya mabomba, kwenye leza kwa kudhani kuwa ni akriliki. Hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki inayoumiza mapafu na kula mashine.

#16 UneneWake
Hakuna aliyeuliza swali la msingi: bamba ni la kumiminwa au la kusukumwa? Bamba la kumiminwa hugandishwa polepole kati ya vioo viwili. Lina minyororo mirefu zaidi, huvumilia joto la zana na hustahimili viyeyushi vizuri zaidi. La kusukumwa hupitishwa kwenye mashine likiwa moto na kuvutwa kupitia roli, kwa hiyo linazaliwa na mkazo wake, hulainika mapema na kunata kwenye msumeno. Chembe zinazonata za #4 zinanielekeza huko. Kulitambua ni rahisi: likiwa na karatasi juu ni la kumiminwa, likiwa na utando wa plastiki ni la kusukumwa.

#17 MsumenoPolepole
Hiyo kanuni ya karatasi na utando haina uhakika, kwa sababu watengenezaji huchanganya. Njia iliyo bora kidogo ni kupima unene kwa kalipa mahali kadhaa. La kusukumwa huwa na unene unaokaribiana kila mahali, na la kumiminwa hutofautiana waziwazi. Mwenye leza anaweza pia kuchora alama: la kumiminwa huacha mchoro mweupe wa ukungu, la kusukumwa huacha mchoro usioonekana vizuri.

#18 Mpitanjia
Samahani, mimi bamba langu limeandikwa Perspex na si akriliki. Je, ushauri huu unanihusu, au Perspex na Plexiglas ni plastiki nyingine?

#19 MkemiaWaStoo
Unakuhusu kabisa. Hayo ni majina ya biashara ya kitu kimoja, polimethili methakrilati. Plexiglas ilisajiliwa Ujerumani mwaka 1933 na kampuni ya Otto Röhm, Perspex ni jina lililotoka Uingereza, na Marekani waliongeza Lucite. Anayekuuzia moja kwa kusema ni imara kuliko mwenzake, muulize kwanza kama ni la kumiminwa. Ila polikaboneti ni plastiki nyingine kweli: hiyo hukunjika bila kukatika, wakati akriliki huvunjika.

#20 MzeeWaTupa
Turudi kwenye nyufa. Kuna njia ambayo haina joto kabisa, nayo mmeisahau: kukwaruza na kuvunja. Rula ya chuma, kisu chenye ncha ya ndoana, unapitisha mara nyingi kwa mkono mwepesi mpaka mfereji ufike angalau theluthi moja ya unene, kisha unalaza bamba mfereji ukiwa juu, sambamba na ukingo wa meza, na kubonyeza kwa tendo moja lisilositasita. Milimita 3 huvunjika vizuri mno. Milimita 5 huhitaji uvumilivu. Zaidi ya 6 usijaribu. Ukingo haupati joto hata kidogo.

#21 BintiRanda
Mzee, joto halipo, lakini ukingo uliovunjwa una alama ndogondogo za mfereji, na kila alama ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Usiuache hivyo. Ukwaruze kwa mgongo wa kisu ulioshikwa wima, usiouma, mpaka utoe nyuzi nyembamba ndefu, kisha msasa wa maji kuanzia namba 220 au 320, uje 400, 600, na ukitaka ung'ae 1000 na dawa ya kung'arishia. Msasa mkavu unaobonyezwa kwa nguvu nao huzalisha joto, ndiyo maana nasisitiza maji.

#22 KifunikoAngavu
Na pale nilipokunja? Nilipasha upande mmoja tu mpaka pakalegea. Nimesoma mahali kwamba akriliki huyeyuka kwa nyuzi 105, kwa hiyo sikutaka kupita sana hapo.

#23 KiasiChaJoto
Nyuzi 105 hivi ni pale inapoanza kuacha ugumu wa kioo. Haiyeyuki ghafla kama barafu. Kukunja kunataka nyuzi 150 hadi 170 kwa bamba la kumiminwa, na pungufu kidogo kwa la kusukumwa. Ukikunja likiwa limelegea nusu, nje ya kona panavutwa kwa nguvu na mvuto huo unagandishwa humo. Unene wa milimita 5 upashwe pande zote mbili kwa kugeuzageuza, maana plastiki hupitisha joto polepole na upande wa chini huchelewa. Bunduki ya joto hupasha kwa madoa. Waya wa nikromu, ule unaopata moto kwa umeme, ulionyooshwa chini ya mstari wa kukunja hupasha kwa usawa zaidi. Nusu kipenyo cha ndani ya kona kisipungue mara mbili ya unene. Ukiona viputo, joto limezidi, au bamba lilihifadhiwa mahali penye unyevu. Akriliki hunywa maji kidogo kutoka hewani.

#24 MsumenoPolepole
Niongeze kwamba hata ukikunja kwa joto sahihi, mpaka kati ya sehemu iliyopashwa na sehemu baridi hubaki na mkazo. Kwa hiyo nyufa chache za kwenye kona hazihitaji maelezo ya ziada. Linalonishangaza ni uchache wake.

#25 LezaTu
Mkazo unaweza kuonekana, tusibishane gizani. Weka skrini ya kompyuta iwe nyeupe, simamisha kifuniko mbele yake, kisha kitazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi. Penye mkazo pataonyesha rangi.

#26 MkemiaWaStoo
Njia nzuri kwa polikaboneti na polistirini, ambazo huonyesha upinde wa mvua mzima. Akriliki ni mvivu katika jambo hilo; mkazo unaotosha kuipasua unaweza kuonyesha kivuli hafifu tu. Usipoona rangi, usitangaze ushindi.

#27 KifunikoAngavu
Nimejaribu, na nimeona wingu hafifu kwenye kona, hakuna kitu kwenye matundu. Nimekumbuka pia jambo moja: kuna ukanda uliobaki, niliukata kwa jigso ileile, siku ileile, nao hauna ufa hata mmoja. Haujafutwa kwa dawa ya vioo.

#28 MzeeWaTupa
Nilisema #2. Nasubiri pongezi.

#29 MkemiaWaStoo
Subiri kwanza, mzee. Ukanda huo haujafutwa kwa dawa, ni kweli, lakini pia haujaguswa na gundi.

#30 KeekeeButu
Wala haujatobolewa.

#31 KiasiChaJoto
Wala haujakazwa skrubu.

#32 BintiRanda
Basi ukanda huo hauwezi kuwa shahidi wa yeyote kati yetu, ila unaupunguzia msumeno lawama kidogo, nami nakiri hilo kwa shingo upande. Pendekezo langu ni hili: mleta uzi akate vipande vinne vya upana sawa kutoka kwenye bamba lilelile. Kimoja kwa jigso, kimoja kwa kukwaruza na kuvunja, kimoja kwa jigso kisha kitolewe mkazo kwa joto la nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kupoa polepole, na kimoja kitobolewe kwa keekee ya kawaida. Vyote vipindwe kidogo kwa kiasi kimoja juu ya kitu cha mviringo, vibanwe hivyo, kisha vipakwe dawa ya vioo.

#33 MzeeWaTupa
Vikipasuka vyote utasema ni kupinda. Kisipasuke hata kimoja utasema dawa ya vioo haina hatia. Kiwepo cha tano kilichopindwa bila kupakwa chochote.

#34 MkemiaWaStoo
Na cha sita kipakwe gundi peke yake. Halafu, KifunikoAngavu, ukifikia hatua ya nyuzi 80, tumia kipimajoto cha pembeni na usiamini kitufe cha tanuri. Tanuri nyingi hupanda juu ya kiwango zilichowekewa kabla ya kutulia, na akriliki iliyokunjwa hulikumbuka umbo lake la awali: ikikaribia joto la kulainika, kona yako itaanza kufunguka yenyewe.

#35 KifunikoAngavu
Nimeelewa. Kipande nilichobakiwa nacho kinatosha vipande sita vya sentimita 3 kila kimoja. Nimeshapima unene kwa kalipa kama #17 alivyoelekeza: mahali pembamba kabisa ni milimita 4.7, na mahali panene ni 5.2. Kwa hiyo linaonekana kuwa la kumiminwa.

#36 UneneWake
Basi hizo chembe za #4 zilinata kwa nini?